Kijerumani cha simba na Kijerumani cha mgonjwa

Nimetembeza watalii wa Kijerumani miaka mingi, na Kijerumani changu nilikiokota humo humo garini. Najua kusema simba yuko upande wa kulia, mvua inakuja, choo kiko pale mbele, na tafadhali msishuke. Tukifika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mbele ya ule mnara wa mawe, najua kuwaeleza wageni kwamba Michael Grzimek alianguka na ndege tarehe 10 Januari 1959, na kwamba baba yake, Bernhard, alikuja kuzikwa kando yake baada ya kufariki mwaka 1987. Hapo wageni hunyamaza, wengine huvua kofia, nami najiona mtu aliyesoma.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponipigia simu kutoka Rhotia akasema, "Shikamoo mjomba, njoo Jumapili unisaidie Kijerumani," nilipanda Noah kutoka Karatu bila wasiwasi wowote. Rhotia si mbali. Ukitoka Manyara kuelekea lango la Ngorongoro unaipita kabla ya kuingia Karatu mjini: mashamba ya mahindi na mbaazi pande zote mbili za lami, udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu masika na kuingia puani kiangazi. Watalii wengi huipita wamelala.

Mpwa wangu ni nesi. Ana stashahada ya uuguzi na ukunga, miaka mitatu chuoni, na jina lake limo kwenye daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ajira hana. Kama wenzake wengi, anajitolea kwenye kituo cha afya kwa posho ya nauli huku akisubiri mkeka wa ajira za serikali utoke, na kila mkeka unapotoka anausoma mara mbili, asije akawa ameruka jina lake. Sasa ameanza kuitazama Ujerumani.

Nilimkuta barazani, simu kaiegemeza kwenye sufuria, daftari mapajani. Aliniwekea sauti ya zoezi la kusikiliza. Mwanamke anakabidhi zamu, anasema upesi kama mtu anayewahi basi. Sauti ikaisha baada ya dakika moja hivi.

"Umesikia nini, mjomba?"

Nilikuwa nimesikia usiku, choo na binti.

"Na dawa?"

Dawa sikuisikia. Kumbe mgonjwa, bibi wa miaka themanini na kitu, alianguka usiku akienda chooni, hakuumia kichwa, hataki kula, binti yake anakuja saa tisa mchana, na vidonge vyake vya kukojoza vipunguzwe nusu.

"Basi mjomba umeshaua mtu," akasema, akacheka, akarudisha sauti mwanzo.

Zoezi hilo lilikuwa la kiwango cha B2, katika ngazi za lugha zinazopanda kutoka A1, A2 na B1 hadi B2 na C1. Ukitaka kujua kwa nini herufi hiyo na namba hiyo zinatajwa siku hizi hata kwenye vibanda vya chipsi vya Karatu, anza na hesabu za Wajerumani wenyewe. Januari 2024 ofisi yao ya takwimu ilikadiria kwamba ifikapo mwaka 2049 nchi hiyo itapungukiwa wauguzi kati ya 280,000 na 690,000. Wazee wanaongezeka, vijana wa kuwatunza hawatoshi. Kwa hiyo mlango uko wazi. Ila mlangoni kuna mtu amekaa, na anauliza kwa Kijerumani.

Ujerumani uuguzi ni kazi inayolindwa na sheria, na jina la kazi lenyewe linalindwa. Hujiiti "Pflegefachfrau", au "Pflegefachmann" ukiwa mwanamume, mpaka mamlaka ya jimbo ikupe ruhusa. Sheria ya taaluma za uuguzi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 inataka mambo manne katika kifungu chake cha 2: uwe umesomea kazi hiyo na kufaulu, usiwe na rekodi inayokuondolea uaminifu, uwe na afya ya kuifanya kazi, na ujue Kijerumani kinachohitajika kuifanyia. Basi. Humo hakuna neno B2. Kiwango hicho ndicho mamlaka za majimbo zinachokitumia kupima hilo sharti la nne, na kwa kuwa majimbo yako 16, kila moja lina namna yake. Mengi hupokea cheti cha kawaida cha B2 kutoka taasisi za mitihani zinazotambulika, kama Goethe, telc au ÖSD. Mengine hutaka mtihani wa lugha ya kitaaluma, ile ya wodini hasa. Madaktari wanabanwa zaidi: lugha yao ya kitaaluma hupimwa kwa kiwango cha C1.

B2 si mchezo. Taasisi ya Goethe yenyewe hukadiria kwamba mtu anayeanza sifuri anahitaji vipindi kati ya 600 na 800 vya dakika 45 kufika hapo. Chukua mtu anayejitolea zamu za asubuhi, anachota maji jioni, anasoma usiku bando likiwepo. Piga hesabu mwenyewe.

Hapa ndipo madalali wanapopata nafasi. Dalali atakwambia A2 inatosha, na hajakudanganya moja kwa moja. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani inaruhusu mtu aliyesomea nje kupewa viza ya kwenda kukamilisha utambuzi wa taaluma yake akiwa na Kijerumani cha A2 tu. Asichokwambia ni kwamba ukifika na A2 yako hutakuwa nesi. Utakuwa msaidizi, na utabaki msaidizi mpaka B2 ipatikane na karatasi za jimbo zitoke. Julai 2025 kima cha chini katika huduma za kutunza wazee kiliwekwa kuwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi asiye na mafunzo, na euro 20.50 kwa nesi kamili. Tofauti ni euro 4.40 kila saa. Kwa mwezi wa saa 160 hiyo ni euro 704 unazoziacha mezani kwa sababu ya lugha. Na ukishaanza zamu za usiku kule, hayo madarasa ya jioni utaingia saa ngapi?

Nirudi barazani. Alasiri ile ilinifundisha kwamba Kijerumani cha simba na Kijerumani cha mgonjwa vinafanana majina tu.

Sisi waongoza watalii hatuna shida na "der, die, das", vile vijineno vitatu vinavyowatoa watu jasho, kwa sababu tumevikariri pamoja na wanyama. "Der Löwe", simba, jinsia ya kiume. "Die Giraffe", twiga, ya kike hata kama aliyesimama mbele yako ni dume lenye mapembe. "Das Zebra", pundamilia, si ya kiume wala ya kike. Ukikosea, mgeni anatabasamu na bahasha ya mwisho wa safari inabaki ile ile. Mpwa wangu ana "der Verband" ya bandeji, "die Spritze" ya sindano, "das Fieber" ya homa, na akikosea mbele ya msahihishaji anakatwa.

Lakini nilimwona hasumbuki na jinsia hizo kama nilivyodhani. Nikamuuliza. Akasema, "Si kama kwetu tu?" Kweli. Kiiraqw chetu nacho kina jinsia tatu za majina: ya kiume, ya kike, na ile isiyo ya upande wowote. Mholanzi Maarten Mous aliieleza vizuri katika sarufi yake ya Kiiraqw, iliyochapishwa mwaka 1993, na tena iliyochapishwa Hamburg, huko huko Ujerumani. Mtu wa pwani ana ngeli zake lakini jinsia hizi hana. Kile kikwaruzo cha kooni katika "Nacht", usiku, ambacho wageni wengi hukigeuza "nakti", mtoto wa Rhotia hukitoa kama anavyotoa neno la bibi yake. Kilichomshinda ni "ü" na "ö", maana sisi irabu zetu ni tano, kama za Kiswahili. Alikuwa amechora midomo daftarini, mmoja umebinuka kama wa mtu anayepuliza moto.

Kilichonishinda mimi ni kitenzi. Mjerumani akisema "kwa sababu mgonjwa...", anaweka mgonjwa, anaweka usiku, anaweka njia ya chooni, na neno "ameanguka" analiacha mwisho kabisa. Nilipokuwa bado naokota usiku na choo, kitenzi kilikuwa kimeshapita. Mpwa wangu akasema anasubiri tu, kama anavyomsubiri bibi akisimulia, maana katika Kiiraqw pia tendo hukaa nyuma.

Halafu kuna namba. Sisi tunasema hamsini na nne, Mjerumani anasema nne-na-hamsini. "Vierundfünfzig" ni 54, "fünfundvierzig" ni 45. Garini jambo hili halina madhara, tembo wakiwa 54 au 45 ni wengi tu. Ila mtu akikusomea kipimo cha sukari kwenye simu, usiku, kwa haraka, na wewe ukaandika kinyume! Mpwa wangu alikuwa na kurasa mbili nzima za namba tupu. Mama yake humsomea kwa Kiswahili akiwa anachambua maharage, yeye anajibu kwa Kijerumani.

Na kuna maneno yanayofanana yanayotega. "Mir ist schlecht" ni kichefuchefu, leta beseni. "Mir geht es schlecht" ni hali mbaya kwa jumla, kaa chini uulize zaidi. Kwa mwanafunzi wa B1 sentensi hizo mbili ni ndugu. Kwa nesi, moja ni ya beseni na nyingine huenda ni ya daktari. Tena nesi lazima awe na misamiati miwili kwa kitu kile kile. Daktari anaandika "Dekubitus", mgonjwa anasema amelala mpaka akachubuka. Ni kidonda kile kile.

Sikatai, kuna raha zake pia. Mzee wa Kijerumani mwenye kisukari husema "Ich habe Zucker", nina sukari, kama asemavyo mzee wa huku kwetu Kilimatembo. Nesi wa zamani aliitwa "Krankenschwester", yaani dada wa wagonjwa. Jina hilo liliondolewa kisheria mwaka 2004, lakini wazee bado huita "Schwester!" kutoka kitandani, kama wagonjwa wetu wanavyoita "Sista!" Na kuna "Sie" na "du". Mzee usiyemjua humwambii "du", ni utovu wa adabu, na mtoto aliyekuzwa na shikamoo hahitaji kufundishwa kwa nini. Nikamkumbusha kwamba "shule" na "hela" zenyewe tulizipata kwa Wajerumani, "Schule" na "Heller", ile sarafu ya enzi za ukoloni wao. Akasema ndiyo maana kila anapowauliza habari za kwenda huko wanamwuliza hayo mawili tu.

Wako wanaosema sharti hili la lugha ni ukuta wa kutuzuia sisi, kwamba homa ni homa na sindano ni sindano popote duniani. Nami niliwahi kusema hivyo. Sikusema tena baada ya kukumbuka siku niliyompeleka mama yangu mzazi zahanati.

Mama Kiswahili chake ni cha sokoni: bei, salamu, mvua. Nesi wa zamu alikuwa binti kutoka mikoa ya kusini, mpole, mwenye heshima, ila Kiiraqw hakuwa na hata neno. Nikawa mkalimani. Mama, unaumwa wapi? Kichwa. Tangu lini? Tangu juzi. Nikatafsiri, nesi akaandika, tukapewa vidonge vya maumivu. Tulipokuwa tunatoka, mama mmoja mfanya usafi, Mwiraqw mwenzetu, aliweka ndoo chini akamsalimia mama yangu, wakaongea kidogo kwa sauti ya chini. Kisha akamshika mkono akamrudisha ndani, na mimi akanifungia mlango. Mama hakuwa anaumwa kichwa. Alikuwa na tatizo la kike la miezi kadhaa ambalo mwanamke wa Kiiraqw hawezi kulitaja mbele ya mtoto wake wa kiume, hata akiwa anakufa. Alinipa mimi kichwa kwa sababu kichwa kinatajika.

Nesi yule hakukosea chochote alichofundishwa. Alikosa lugha, akatibu alichosikia.

Sasa mweke bibi wa Kijerumani mahali pa mama yangu, na mweke mpwa wangu mahali pa yule binti wa kusini. Bibi kalowanisha kitanda usiku na anaona aibu. Hatasema wazi. Atasema kitu cha pembeni, kwa lafudhi ya kijijini kwao ambayo hata Mjerumani wa mji mwingine huomba irudiwe, na nesi anatakiwa ashike kilichofichwa ndani yake. Nikiwa mtoto wa bibi huyo, ningetaka nesi mwenye B2. Ningetaka hata zaidi. Kwa upande wetu, nimewaona vijana wengi wa Kizungu wakija kujitolea kwenye vituo vya afya huku kwetu kwa wiki mbili tatu, na sijawahi kusikia mmoja wao akiulizwa cheti cha Kiswahili, sembuse Kiiraqw. Labda hilo ndilo la kulalamikia.

Lugha ikishapatikana, kuna jambo la pili ambalo wengi hawalitarajii. Mamlaka ya jimbo hulinganisha masomo yako na ya kwao, somo kwa somo, saa kwa saa. Mafunzo ya uuguzi ya Ujerumani ni saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo. Ukitazama karatasi za nesi wa Tanzania unakuta ukunga mwingi. Mpwa wangu amezalisha akina mama usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, ambulensi ikiwa bado inapanda mlima. Ujerumani hayo hayamsaidii. Kule ukunga ni taaluma nyingine kabisa yenye sheria yake, tangu 2020 husomewa kwa shahada, na nesi hazalishi. Kinachotafutwa kwenye karatasi zake ni saa za kutunza wazee kwa muda mrefu, na hapo ndipo penye upungufu, kwa sababu sisi wazee wetu tunawatunza nyumbani. Hata hospitalini, kumwogesha mgonjwa na kumlisha ni kazi ya ndugu waliokuja na hotpoti. Kule ni kazi ya nesi, na kila alichofanya lazima akiandike.

Upungufu ukionekana, unachagua: ama kozi ya kujazia, ama mtihani wenye sehemu ya kuzungumza na sehemu ya vitendo kando ya kitanda cha mgonjwa. Vyote viwili ni kwa Kijerumani, kwa hiyo unarudi pale pale.

Wapo wanaoikwepa njia hii yote kwa kuanza upya: wanaomba mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu kule kule Ujerumani, yenye mshahara wa mwanafunzi, ambayo kwa kawaida B1 hukufungulia viza. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita na hana taaluma, naona ni njia nzuri. Kwa mtu mwenye stashahada na leseni, ni kurudishwa chekechea. Dalali hatakuonyesha tofauti hiyo, maana yeye analipwa kwa kichwa.

Na sasa nimseme dalali kwa urefu kidogo, kwa sababu watu wangu wameumia.

Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz wakiwepo. Ikazuka namba ya ajira 250,000, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikaikanusha. Kukanusha hakukuvuka mpaka wa Namanga. Namba ilivuka. Muda si mrefu makundi ya WhatsApp ya wauguzi wa huku yakajaa matangazo: lipa ada ya usajili, lugha utajifunzia huko huko, nafasi zimebaki chache. Binti mmoja tunayefahamiana aliuza ng'ombe wawili wa baba yake. Alipewa fomu nzuri yenye nembo na namba ya simu ambayo sasa haipatikani. Ameingizwa mjini, tunavyosema.

Laiti angejua jambo moja. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya, zile ambazo idadi ya madaktari, wauguzi na wakunga kwa kila watu 10,000 iko chini ya 49 na huduma za msingi za afya bado haziwafikii wengi. Tanzania imo. Uganda imo, Rwanda na Kongo zimo. Kenya haimo. Ujerumani imeifungamanisha orodha hiyo na kanuni zake za ajira: katika nchi zilizotajwa, anayeruhusiwa kutafuta na kuwaunganisha wauguzi na waajiri wa Kijerumani ni shirika la ajira la serikali ya shirikisho peke yake. Wakala binafsi haruhusiwi. Akifanya hivyo ametenda kosa linalotozwa faini. Kanuni hiyo inamzuia wakala. Wewe hujazuiwa. Unaweza kuandika barua yako, kutuma karatasi zako, kupata kazi na kwenda, ilimradi umejitafutia mwenyewe.

Kwa hiyo mtu anayekaa ofisi ya ghorofani Arusha akikwambia yeye ndiye njia halali ya nesi wa Tanzania kwenda kufanya kazi Ujerumani, amekwisha kujieleza. Hata wakala wa Nairobi anayefanya kazi yake kihalali kwa Wakenya hana ruhusa hiyo kwako.

Lipo swali la haki pia, na silikwepi. Orodha hiyo iliwekwa ili nchi tajiri zisitukamue. Nikimtazama mpwa wangu akijitolea bila mshahara katika nchi iliyotajwa kuwa na uhaba wa wauguzi, nashindwa kumwambia abaki kwa ajili ya uhaba. Uhaba gani usioajiri? Atakayemjibu hilo ni mwenye mkeka, si Mjerumani.

Ninacholalamikia mimi ni njia ya kuifikia hiyo B2. Vyuo vyetu vya uuguzi vina wanafunzi miaka mitatu mizima, na sijaona kinachowapa hata kipindi kimoja cha lugha kwa wiki kwa wanaotaka. Karatu ina waongoza watalii waliojifunza Kijerumani kwa jasho, wengine wanakaa bure msimu wa mvua, Aprili na Mei, magari yameegeshwa. Wangeweza kufundisha A1 na A2 kwenye darasa lolote la shule jioni, na nesi angeenda Dar es Salaam kwa ajili ya B2 tu. Nimelipeleka wazo hili kwa watu wawili watatu. Wamelisifu.

Mtihani wenyewe, kwa mtu wa Rhotia, uko mbali. Taasisi ya Goethe ya Tanzania iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700 kwa basi. Nairobi kuna nyingine, na kwetu sisi wa kaskazini Nairobi ni karibu zaidi kuliko Dar, pamoja na mpaka wake. Mpwa wangu alichagua Nairobi. Mtihani wa B2 una moduli nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moja ina alama 100, kufaulu ni 60, na unaweza kuzifanya zote pamoja au moja moja. Alizifanya zote kwa mkupuo mmoja ili asilipe nauli mara nne.

Matokeo yalipotoka alinipigia niko kwenye foleni ya lango la Ngorongoro na wageni sita nyuma. Kusoma amefaulu. Kusikiliza amefaulu. Kuzungumza amefaulu, tena vizuri, ni ile "Nacht" yake nadhani. Nikamwuliza, na kuandika? Akanitajia namba kwa Kijerumani, makusudi, kunipima. Nikachukua kalamu nikaandika 45 nyuma ya karatasi ya kibali, nikaanza kumpa pole.

"Mjomba," akasema, "umeandika kinyume."

Ni 54. Zimebaki sita. Anarudia moduli hiyo moja mwezi ujao, Nairobi.